Mlima Haukuwa Mtupu

Watu wanaopita na basi kwenda Mbinga mjini huchungulia dirishani wakaona mashamba, halafu nyasi, halafu mashamba tena. Basi likifika kwenye nyasi wanafumba macho wasinzie kidogo, maana kwao pale hakuna kitu. Mimi nimeishi na nyasi hizo zaidi ya miaka hamsini, na nasema anayeona hakuna kitu hajafundishwa kuangalia. Shule yangu mimi iliishia darasa la nne, kule ziwani. Kuangalia majani sikufundishwa kule. Nilifundishwa na mama mkwe wangu, kwa jembe na kwa maneno makali.

Majina yote nayakumbuka, ya majani na ya watu. Ya majani nitayaandika yale ambayo Kiswahili kinayo. Ambayo hakina nitaeleza jani lenyewe lilivyo, kwa sababu Kiswahili cha ofisini kikiona chochote chembamba cha kijani kinasema nyasi, basi, kimemaliza. Ya watu sitayaandika. Wengine wako makaburini, wengine tunakaa nao benchi moja kanisani, nao wanajijua.

Habari yangu ni ya mlima mmoja, ule ulio nyuma ya nyumba yangu, ambao walitaka kuninyang'anya kwa kusema ni mtupu.

Nilizaliwa Mbaha, ufukweni mwa ziwa. Majani niliyoyajua mimi ni matete ya kujengea uzio na majani ya kuezekea, tena haya ya kuezekea yalishushwa kutoka mlimani vichwani mwa watu, tukabadilishana nao kwa dagaa. Nilipoolewa nikapandishwa huku juu Umatengoni, nikakuta watu wanaolima kwa majani. Nasema kwa majani kwa maana jembe peke yake hapa halitoshi. Milima yetu imesimama. Ukiilima hivi hivi, mvua ya kwanza inachukua udongo wako inaupeleka ziwani kwa ndugu zangu, ambao hawauhitaji.

Kwa hiyo watu wa huku wanalima ngoro. Mlima unaachwa uote majani. Masika yakikolea, mwanaume anayafyeka, yanalala chini siku kadhaa yakauke. Kisha anayakusanya na kuyapanga mistari, mingine inashuka mlima, mingine inaukata mlima, mpaka mteremko mzima unakuwa vyumba vya mraba, kila chumba hatua moja na nusu hivi. Hapo kazi ya mwanaume imekwisha. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila chumba na kutupia udongo juu ya mistari ya majani. Katikati linabaki shimo, pembeni kunabaki matuta yenye majani tumboni. Maharage yanapandwa juu ya matuta. Mvua ikija, maji yanaingia shimoni yanatulia, na majani yanaoza taratibu yakiyalisha maharage, na mwaka unaofuata mahindi.

Hivyo ndivyo ilivyo: mwanaume anapanga, mwanamke anafunika. Mtu wa huku hata hafikirii.

Mwaka wangu wa kwanza mume wangu alipanga mistari upande mmoja, akaitwa msibani kabla ya kumaliza. Mimi, bibi harusi wa ziwani mwenye kutaka kusifiwa, nikaokota kila jani nililoliona na kuongezea kwenye mistari yake kabla ya kufunika. Baada ya wiki tatu matuta yangu yalikuwa ya kijani kuliko ya watu wote. Nikamwita mama mkwe aje aone maharage yalivyowahi.

Alisimama pale na mikono kiunoni. "Mwanangu, hayo ni maharage?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwenu ziwani maharage yanatambaa chini ya ardhi?"

Nilikuwa nimezika sangari. Sangari lina mizizi mirefu myeupe kama kamba, yenye vifundo, na kila kifundo ukikizika ni jani jipya. Nilimtandikia adui yangu kitanda cha mbolea. Mama mkwe alinifanya nifumue matuta yale yote kwa vidole, mzizi kwa mzizi, siku nne. Yeye alikaa pembeni akimenya viazi na kunitajia majina. Kila jani nililomwonyesha alilitaja, na nilipokosea kesho yake alinirudisha mwanzo wa tuta.

Hivyo nikajifunza. Shamba likivunwa na kuachwa, wa kwanza kuingia ni kishona nguo, kile kinachong'ang'ania gauni. Pamoja naye huja jani dogo lenye kichwa cha manyoya ya rangi ya waridi, jua la jioni likilipiga unadhani mlima una haya. Hao ni wapangaji wa muda tu. Wakikaa mwaka, wanafuata wenye nyumba: lile linalonata vidoleni na kunukia kama sukari guru, na chini yake marejea ya maua ya njano, ambayo punje zake zinacheza ndani ya ganda kama njuga. Marejea unalizika kwa furaha, linanenepesha udongo. Mwisho kabisa linakuja jani refu la kuezekea, linalompita mtu kimo, ambalo mabua yake kiangazi yanakuwa mekundu kama shaba. Ukiliona hilo limeenea, mlima umepumzika, unaweza kuuamsha. Lakini ukiona lile gugu ambalo majani yake yanatoka ardhini yamekunjwa kama ngumi, kisha yanafunguka kama manyoya ya kuku, ujue udongo umekuwa mchachu, uache. Na ndago ikiota mahali pakavu, chini hapo pana maji.

Juu ya mlima wetu ndago ilikuwepo. Palikuwa na chemchemi ndogo, na kuizunguka palikuwa na kipande cha majani marefu ambacho mama mkwe hakuruhusu kukifyeka hata mwaka wa njaa. "Hicho ndicho kifuniko cha mtungi," alisema. Alikufa bila kukifyeka. Mume wangu naye hakukifyeka.

Mume wangu alifariki miaka ile soko huria lilipoingia. Aliniachia mabinti watatu, kahawa iliyozunguka nyumba, na mlima. Wakati huo huo kila kitu kilikuwa kinabadilika. Zamani chama cha ushirika ndicho kilichochukua kahawa yetu, na ndicho kilichotukopesha mbolea na dawa ya mibuni. Mara tukaambiwa sasa ni ruksa, kila mtu auze kwa amtakaye. Wakaja wanunuzi na magari yao na mizani yao, wengine hata ukiwaamkia hawaitiki, wanatazama gunia tu. Mbolea ya mkopo ikaisha. Ikawa dukani Mbinga, na bei yake ukiisikia unaweka mfuko chini taratibu, usije ukaambiwa umeuchafua.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alizipenda siku zile. Alikuwa na baiskeli mpya, akizunguka vijijini kuwatafutia wanunuzi kahawa. Mtu wa maneno mengi, mcheshi, watoto wangu walimpenda na mimi nilimpenda pia, nisiseme uongo. Huko alikokuwa akizunguka akasikia habari ya milingoti, miti ile ambayo wengine huiita mikaratusi. Watu wa mjini wanajenga, wanataka nguzo na mbao. Bwana misitu anagawa miche. Unapanda leo, unakwenda kulala, ukiamka umetajirika. Tatizo ni kwamba shamba lake lote lilikuwa na mibuni, na milingoti inataka nafasi. Akatazama huku na huku, akauona mlima wangu. Wakati huo ulikuwa na mwaka wa tatu wa kupumzika, jani la kuezekea ndilo kwanza limeanza kuenea.

Alianza kwa moto. Mwisho wa kiangazi nilitoka kanisani nikakuta moshi nyuma ya nyumba. Mlima wote ulikuwa mweusi mpaka kwenye mdomo wa chemchemi. Alikuwa amekaa jiweni anajifuta jasho.

"Nimekusafishia, shemeji," akasema. "Kulikuwa na nyoka."

"Nyoka walikuomba?"

Akacheka. "Sasa angalia. Si unaona? Mtupu. Mlima mtupu hivi mtu anaacha ukae bure, na serikali inahimiza miti!"

Ndipo nikajua anachotaka. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema mlima wa marehemu kaka yake umebaki jangwa, mjane hana mtoto wa kiume wa kuulima, na yeye yuko tayari kuupanda miti kwa faida ya mazingira. Alilitamka neno hilo, mazingira, kama mtu anayetoa pipi. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye haki lakini mwenye kupenda mambo yaishe haraka, akasema: "Tutakwenda kuangalia baada ya Pasaka. Tukikuta pori, utapandwa miti. Tukikuta shamba, ni shamba."

Mkutano ukaisha. Nilirudi nikakaa mbele ya ule weusi. Mama mkwe alikwisha kuniambia kwamba moto wa kiangazi unakula kilichosimama, hauli kilichokaa. Baada ya siku kama kumi, kabla hata tone la mvua halijadondoka, majivu yakatobolewa. Kila shina la jani la kuezekea likatoa sindano za kijani. Yakatoka na maua madogo ambayo huyaoni mwaka mwingine wowote, ya njano na ya zambarau, yaliyokuwa yamejificha chini kwenye viazi vyake yakisubiri apite mtu wa kuyafungulia dirisha. Mpaka Krismasi mlima ulinifika magotini. Mpaka mvua zikolee ulinifika kifuani. Shemeji akipita na baiskeli alikuwa anautazama kama mtu aliyelipwa hela bandia.

Lakini mlima wenye majani bila ngoro ni pori mbele ya kamati. Na majani hayafyekwi wala hayapangwi na mwanamke. Nilikwenda kwake kama desturi inavyotaka, kwa kuwa yeye ndiye mwanaume wa nyumba ile. Nilimkuta barazani, mkewe anapepeta mchele.

"Hodi hapa. Shemeji, nimekuja kukuomba mistari. Masika yamekolea."

"Mistari ya wapi?"

"Ya mlima wa kaka yako."

Akavuta kigoda akaniwekea, kwa heshima kabisa. "Shemeji, wewe umechoka. Ngoro ni za wazee. Kaa, ule matunda ya miti. Nguzo za kwanza zikiuzwa, bati la nyumba yako ni juu yangu."

"Nimekuomba mistari, hujaombwa bati."

"Basi mistari sina. Mgongo unauma."

Mkewe akaacha kupepeta. "Mgongo huo jana ulibeba gunia la kahawa," akasema, bila kumtazama mtu.

"Nyamaza wewe." Kisha akanigeukia, na hapo ucheshi ulikuwa umemtoka. "Utafanyaje? Utapanga mwenyewe? Mtu wa ziwani! Mistari yako itapinda kama njia ya mbuzi. Watu watakuja kucheka mpaka Tingi wasikie."

"Wenye masikio wasikie," nikasema, nikaondoka kabla sijalia, maana sikutaka anione.

Nyengo ya marehemu ilikuwa imechomekwa darini jikoni, ule upanga wenye ncha iliyopinda na mpini mrefu. Ilikuwa nyeusi kwa moshi. Niliinoa asubuhi moja nzima kwenye jiwe la mtoni. Siku iliyofuata, mimi na binti yangu mkubwa, tukaanza chini ya mlima tukipanda. Sikujua kufyeka. Mwanaume anafyeka kwa kiuno, mimi nilifyeka kwa mabega, siku ya pili sikuweza kuinua kikombe cha chai. Siku ya tatu nikajifunza kiuno. Kila nilipokuta sangari nililing'oa lote, nikalitupa njiani juu ya mawe likaangwe na jua. Nilikuwa na deni nalo la ujana.

Njia ya kwenda mashineni inapita chini ya mlima, na wanawake wote wa mtaa hupita hapo na mahindi vichwani. Wakasimama.

"He! Mwenzangu, umeota ndevu?"

"Zinakuja," nikajibu. "Za kidevuni bado, za mikononi tayari."

"Ukimaliza njoo na kwangu, yule wa kwangu anafyeka kwa mdomo."

Wengine hawakutania. Mke wa katekista, mwanamke niliyemheshimu, aliniambia kwa upole kwamba mashamba yana utaratibu wake, na mwanamke akipanga mistari anamwaibisha marehemu, kana kwamba hakuacha ndugu. Neno hilo lilinichoma kuliko kicheko. Nilimwambia: "Ndugu aliowaacha ndio hao waliokataa. Aibu hiyo kampelekee mwenye mgongo." Hatukusemeshana mpaka Kwaresima ikaisha.

Majani yalipokauka nikayapanga. Na hapa nataka nieleweke. Sikupanga kama wanaume walivyopanga. Wanaume walikuwa wanakumba tu, jani ni jani. Mimi nilikuwa na mama mkwe sikioni. Jani la kuezekea, gumu, linalochelewa kuoza, niliweka kwenye mistari inayoukata mlima, ishike udongo mpaka mwaka wa mahindi. Yale laini, lile linalonukia sukari guru na marejea yenye maua yake, niliweka kwenye mistari inayoshuka, yaoze mapema maharage yapate cha kula. Ndiyo, mistari ilipinda. Mlima wenyewe umepinda. Nilipofika juu, kwenye kipande kinachozunguka chemchemi, nikasimamisha nyengo. Kifuniko cha mtungi sikukigusa.

Kufunika sikuweza peke yangu. Tuna kikundi cha wanawake cha kulimiana, tunakiita ngokela, leo kwako kesho kwangu, na wiki ile ilikuwa zamu yangu. Walikuja na majembe, wakasimama ukingoni, hakuna aliyeshuka. Nikasikia mmoja anauliza kwa sauti ya chini, "Tunafunika mistari ya mwanamke, halafu maharage yakikataa?"

Aliyekata maneno alikuwa bibi mmoja mzee kuliko sisi sote, mfupi, mkali, aliyekuwa amewazika waume wawili. Alishuka mpaka kwenye mstari wa kwanza, akapenyeza mkono ndani ya majani, akanusa vidole vyake.

"Huyu amechagua," akasema. "Mimi wale wangu wawili walikuwa wananiwekea hata matawi ya mti, jembe linagonga. Nyie mnangoja nini, mnangoja hayo majani yawe na ndevu?"

Akapiga jembe. Wakashuka wote. Tulifunika siku mbili tukiimba, na uji wa ulezi nilipika sufuria kubwa nililoazima kanisani. Tukapanda maharage siku hiyo ya pili.

Kamati ilikuja wiki baada ya Pasaka. Mwenyekiti na koti lake la mvua, wajumbe wawili, bwana misitu kijana mwenye buti za mpira na daftari, na shemeji yangu mbele kama mwenye nyumba. Maharage yalikuwa yamefungua majani mawili mawili. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, na kila shimo lilikuwa na maji kidogo yenye kutulia. Mlima mzima ulikuwa unatazama juu kwa macho mia mia.

Shemeji alipitisha macho kwenye mistari, chini mpaka juu. Kisha akasema, "Mistari imepinda."

"Imepinda," nikasema.

"Alipanga nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi, Mzee."

"Wewe mwenyewe?"

"Mwanaume wa nyumba alikuwa anaumwa mgongo."

Mjumbe mmoja akakohoa ili asicheke. Bwana misitu, kijana mwenye adabu aliyeniamkia shikamoo tangu mbali, akasema, "Mama, kazi ni nzuri. Lakini kitaalamu mteremko kama huu unahitaji miti. Miti ndiyo inayoshika udongo. Hizi ni nyasi tu."

Nikamwambia, "Marahaba tena, mwanangu. Hapo kando ya buti lako pana nini?"

Akatazama. "Nyasi."

"Nyasi gani?"

Akacheka, akawatazama wenzake. Nikachukua jembe, nikaenda ukingoni ambako nilibakiza mashina ya jani la kuezekea, nikang'oa moja. Haling'oki kirahisi hilo, nilipiga mara nane, tisa. Nilipolinyanyua, mizizi yake ilikuwa inaning'inia kutoka kiunoni mwangu mpaka chini, myembamba kama nywele, na imeshika udongo ambao hata nilipoutikisa haukudondoka wote.

"Hili limechomwa moto kiangazi," nikasema. "Mchomaji yupo hapa. Likarudi kabla ya mvua. Mlingoti wako ukichomwa ukiwa mchanga hivyo, unarudi? Hili hapa, hili lenye manyoya, linakuambia shamba limeachwa mwaka mmoja. Hili linalonata, miaka miwili. Hili lenye ngumi ukiliona usipande kitu. Mimi nikitembea hapa nasoma. Wewe unasema nyasi tu, kwa sababu hujui kusoma."

Nilikuwa nimepaza sauti. Kijana yule hakukasirika. Alichutama akaanza kuniuliza majina na kuandika daftarini, moja moja, na hilo sijalisahau.

Mwenyekiti akasema, "Hili ni shamba. Limekwisha." Nikaliweka jembe chini. Kisha akanyoosha fimbo juu. "Na kile kipande cha juu?"

"Kile ni cha chemchemi. Hakifyekwi."

"Hakijalimwa?"

"Nimekiacha makusudi, Mzee. Mama mkwe wangu—"

"Hakijalimwa," shemeji akadakia. "Ni pori. Neno lilikuwa pori linapandwa miti."

Nilisema sana siku ile. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Mwenyekiti alitaka mambo yaishe, na kugawa katikati kunamaliza mambo. Mteremko ukawa wangu, kipande cha juu kikawa cha shemeji. Ningekuwa mpumbavu nikafyeka mpaka kwenye maji, ningeubakiza mlima wote. Niliadhibiwa kwa sehemu niliyoifanya vizuri zaidi. Naandika hivyo ili isije ikasemwa kwamba nilishinda.

Milingoti ikapandwa. Inakua kweli, sisemi haikui. Mwaka wa tano ilikuwa inapita paa la kanisa. Chini yake ndago ikafa kwanza, likafuata jani refu, likaja lile la ngumi, nalo likafa. Pakabaki majani makavu ya milingoti yanayolia ukiyakanyaga, na udongo mtupu. Huo ndio mlima mtupu wa kwanza niliouona kwa macho yangu. Chemchemi ikawa ya masika tu. Kiangazi wanawake walianza kushuka bondeni na ndoo, na mke wa shemeji alikuwa miongoni mwao, na njiani alisema maneno juu ya mumewe ambayo siyaandiki.

Kisha bei ya kahawa ikaanguka, wanunuzi hata gunia wakaacha kulitazama. Shemeji akang'oa mibuni nusu shamba apate pa kupanda maharage. Majani hakuwa nayo. Akachimba ngoro hivyo hivyo, udongo mtupu, matuta yasiyo na kitu tumboni. Mtu wa huku, mtoto wa mama yule! Mvua moja kubwa ya alasiri ikayashusha yote, mashimo na matuta na mbegu, yakaenda kukaa barabarani.

Alikuja kwangu wiki hiyo. Hakupanda baiskeli, aliisukuma.

"Shemeji, naomba majani. Nifyeke pale ukingoni kwako."

Nilikuwa nachambua maharage. Nikamwambia, "Karibu. Nyengo hiyo hapo. Ila kila unalolikata, ulitaje jina."

Akatabasamu, akadhani natania. Akatoka nje, nikamfuata. Akashika shina la kwanza. "Hili ni la kuezekea."

"Vizuri. La pili?"

"Hili... hili ni..." Akaligeuza mkononi. Nilimwona anatafuta. Mama yake alikuwa ameyataja maisha yake yote, jikoni, shambani, njiani, lakini alikuwa anawatajia wanawake. Wanaume walikuwa wanakumba tu.

"Shemeji, usinifanyie hivi," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

"Basi nisikufanyie. Majani nitakupa, mwaka huu na mwaka ujao, na nitakuonyesha la kuweka wapi. Wewe utakata milingoti yote inayozunguka chemchemi. Yote, hatua thelathini kila upande. Uuze nguzo zako, ule. Lakini pale pafunikwe."

Alitukana kidogo, kwa heshima. Akaenda. Siku ya tatu nikasikia shoka.

Jani la manyoya ya waridi lilirudi masika yale yale. Linalonata lilichukua miaka minne. La kuezekea mimi mwenyewe nilihamisha mashina kutoka ukingoni, na mengine yalikataa. Ndago imerudi upande mmoja tu. Maji yanafika mwezi wa tisa, zamani yalikuwa hayaishi. Sidhani nitayaona yakifika Krismasi.

Wanawake wengi wa mtaa wetu sasa wanapanga mistari wenyewe, na mabinti zangu watatu wanapanga kuliko waume zao. Hakuna anayecheka. Wengine wanasema ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na mimi nawatazama tu.

Jambo moja bwana misitu hakuniambia, au hakulijua siku zile: mlingoti mkubwa ukikatwa haufi. Kisiki kinachipua, machipukizi kumi, kumi na mbili, kila mwaka. Kwa hiyo kila mwaka mvua zikianza nachukua nyengo ya marehemu, napanda polepole, napumzika mara tatu njiani, nakwenda kuyakata. Wajukuu wanasema, "Bibi, acha, tutaita mtu." Waite. Akija atanikuta nimeshafika kisiki cha pili.